Patasi ya Jinpachi

Jinpachi Minegishi ana patasi saba
na leso moja ya kufutia vumbi la mbao,
dukani kwake nyuma ya stesheni ya Matsue, Ujapani,
ambako asiye na muhuri hafungui akaunti,
hapangi chumba, hanunui gari.
Huchonga majina kinyumenyume, kama kwenye kioo,
ili yakigongwa karatasini yasomeke sawa.
Miaka arobaini na mmoja. Macho yamechoka, mkono bado.

Wateja wake wakubwa ni maharusi.
Sheria ya ndoa inasema: watu wawili, jina moja la ukoo,
la mume au la mke, chagueni wenyewe.
Maneno mazuri, yamenyooka kama rula.
Lakini Jinpachi ana daftari.
Wanawake waliokuja kuagiza jina jipya: elfu mbili mia tatu na kitu.
Wanaume: wanne.
Mmoja wao alikuwa anakimbia madeni.

Binti yake, Chizuru, huhesabu kome weusi wa ziwa Shinji,
hupima chumvi ya maji, huandika ripoti
zinazosomwa hadi ng'ambo,
na juu ya kila ripoti: Minegishi.
Kilele na ufuko, ndivyo linavyoandikwa,
mikato kumi na minane ya patasi.
Mchumba wake anaitwa Hata.
Usicheke, msomaji. Kwao hilo ni shamba,
alama ya moto imeegemea alama ya konde.
Mimi nilicheka, kisha nikaona neno letu lilivyokaa:
hata yeye, hata jina, hata kidogo.

Hawakusajili ndoa. Waliishi miaka tisa
kwenye nyumba yenye majina mawili mlangoni,
mpaka Hata alipoanguka jikoni, na daktari
akatafuta ndugu wa kutia saini.
"Mimi ni mkewe."
"Kwenye karatasi, mama, wewe ni nani?"
Chizuru akakaa kwenye benchi la plastiki
hadi shemeji yake alipofika kwa basi kutoka Hiroshima,
saa nne baadaye, mkono ukimtetemeka,
akasaini juu ya mwili
ambao hakuuona tangu mwaka mpya.

Hapo ndipo walipokwenda kushtaki.

Niseme ukweli, kesi haina ushairi.
Ina majalada, foleni, wakili anayekohoa,
rufaa, na rufaa ya rufaa,
na kiti cha majaji kirefu kama meza ya karamu
ambayo hukualikwa.
Hukumu ilisomwa kwa dakika sita.
Sheria haimbagui mtu, walisema; imemwachia kila mtu hiari.
Kama inauma, nendeni bungeni.
Na bungeni, miaka yote, jibu ni:
tuisubiri mahakama.
Danadana. Na mpira ni jina la mtu.

Majaji watatu walipinga. Mmoja, mwanamke,
aliandika kurasa kumi na saba.
Chizuru alizisoma ndani ya treni mpaka simu ikazima.
Kurasa zile hazifungui mlango,
lakini mtu ameandika, kwa wino wa serikali,
kwamba mlango upo.

Kwetu tunasema sheria ni msumeno,
hukata mbele na nyuma.
Nilipomweleza Jinpachi, alitikisa kichwa.
Akanyanyua patasi, akanionyesha makali:
upande mmoja tu.
"Niliyewakata ni mimi," alisema.
"Elfu mbili na kitu.
Sheria haijawahi kuingia humu dukani.
Ilinituma."

Jioni akaingia msichana, pete mpya kidoleni,
na kijikaratasi chenye jina la mume.
Jinpachi akakisoma, akakiweka kando,
akafuta vumbi mezani, taratibu, hadi pembeni,
akauliza swali ambalo hajawahi kumuuliza bibi harusi:
"Na lako ni lipi?"

Msichana akafungua mdomo.
Treni ikapita, vioo vikatikisika.
Mimi sikulisikia.
Yeye alilisikia,
maana alichukua penseli.